Fulana Isiyofuliwa

Nchi hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho nchi huhitaji: bendera, wimbo, bandari moja na nusu, na Kiongozi aliyeumwa jino. Jino hilo halikuweza kung'olewa nyumbani, kwa kuwa hospitali zote za nyumbani Kiongozi alizijenga mwenyewe na alizijua vizuri. Akapanda ndege kwenda ng'ambo, yeye, jino lake, na msafara wa watu arobaini na wawili.

Kule ng'ambo, akisubiri zamu yake, aliokota gazeti la sayansi mezani. Lilisema kuna wataalamu wanaoshuku kwamba jasho la binadamu lina harufu isiyosikika puani lakini mwili unaijua. Huenda harufu hiyo ndiyo inayomvuta mwanamume kwa mwanamke na mwanamke kwa mwanamume. Huenda pia ndiyo inayomnong'oneza mtu kwamba huyu aliye mbele yako ni mume au ni mke. Kiongozi alipofika chini ya ukurasa, daktari akamwita. Ukurasa wa pili, ambamo wataalamu haohao walieleza kuwa wamepima na kupima tena na hawajapata kitu cha kushika, ulibaki mezani. Kiongozi alirudi nyumbani bila jino na bila ukurasa wa pili, na kabla mwezi haujaandama ikaundwa Wizara ya Harufu na Mvuto.

Tangu hapo hakuna aliyeoa wala kuolewa katika nchi hiyo bila kunuswa kwanza.

Machano Kibwana alizisikia habari hizi redioni, akiwa amekaa juu ya godoro ambalo hajalimaliza. Alikuwa fundi magodoro wa mtaa wa Kisimani, mwanamume wa miaka arobaini na moja, mwenye ndevu nyingi na maneno machache. Mbele yake, upande wa pili wa baraza, alikaa Kidawa, mshona foronya. Kwa miaka tisa Machano alikuwa akijaza sufi na Kidawa akishona, na kwa miaka tisa Kidawa alikuwa akipiga chafya, maana vumbi la sufi halina huruma na pua ya mtu. Machano alimpenda. Alimpenda tangu mwaka wa kwanza, akachukua miaka minane kuipanga sentensi. Alipoisema hatimaye, Kidawa alikata uzi kwa meno, akasema, "Nilidhani umeamua kufa nayo." Na hilo ndilo lililokuwa jibu.

Kilichobaki kilikuwa Wizara tu.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Mwombaji alipewa fulana nyeupe yenye muhuri kifuani. Aivae siku tatu usiku na mchana, asipake mafuta mazuri wala kujifukiza, na siku ya nne aivue, aitie katika bahasha ya kaki na kuifikisha ofisini kabla ya saa kumi. Juu ya bahasha iliandikwa kwa herufi kubwa: ISIFULIWE. Huko ofisini wanusaji sita, waliosomea kazi hiyo wiki mbili nzima, wangeinusa na kuandika mambo mawili: mwombaji ni mume au mke, na anavutana na nani.

Machano akaivaa. Siku tatu alipiga sufi kwa fimbo juani, akabeba magodoro kichwani, akatoka jasho la kutosha wizara mbili. Asubuhi ya siku ya nne akaivua, akaitundika msumarini nyuma ya mlango, akaenda kununua sufi.

Hapo tumtaje Shangazi Mwanahija. Huyu ndiye aliyemlea Machano, na nyumba waliyoishi ilikuwa yake. Katika umri wake wote hajawahi kutoa nguo chafu nje ya mlango wake, hata ile ya kufungia mzigo. Alipoiona fulana msumarini na bahasha chini yake, alielewa kila kitu isipokuwa lile neno la juu, ambalo alilisoma mara mbili na kuamua kuwa limekosewa.

"Iende serikalini hivi?" aliiambia fulana. "Na jina la ukoo wetu juu ya bahasha?"

Akaifua mara mbili kwa sabuni ya mche. Akaisuuza, akaitia buluu, akaianika, akaipiga pasi ya mkaa mpaka mkunjo ukasimama wenyewe. Kisha akaifukiza udi kwenye chetezo, akaweka asmini mbili katikati, akaikunja na kuifunga bahasha vizuri. Machano aliporudi saa tisa aliikuta mezani, tayari. Akamshukuru kwa kumfungia, akaondoka mbio. Yule bibi hakuona sababu ya kusema lolote, maana nani hujitangaza kwa kufua?

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Machano aliisoma akiwa amesimama, halafu akakaa, akaisoma tena.

"Ndugu Mwombaji. Baada ya kuinusa fulana yako kwa makini, Wizara imeridhika kwamba wewe ni mwanamke. Pokea pongezi. Kwa kuwa mchumba wako Kidawa binti Ngwali naye, kwa mujibu wa fulana yake, ni mwanamke, ombi lenu la ndoa limekataliwa. Tunakutakia utulivu katika hali yako mpya."

Barua ya Kidawa ilikuwa fupi zaidi, na mbaya zaidi. Wizara ilikuwa imemtafutia mtu wa kuvutana naye. Anaitwa Makungu, muuza mbuzi, na mvuto wao umepimwa kuwa sehemu tisini na nane katika mia. Sheria inatoa siku thelathini za kukata rufaa. Rufaa ikishindwa, Wizara itawaandikisha yenyewe, kwa furaha.

"Makungu namjua," Kidawa alisema, kisha akapiga chafya. "Ananiuzia ngozi za kushonea mito. Hajawahi kunitazama usoni."

"Kwani mimi ni mwanamke?" Machano aliuliza. Lilimtoka kabla hajalipima.

Kidawa akamtazama kutoka kwenye ndevu mpaka kwenye miguu mikubwa iliyojaa sufi. "Machano," alisema polepole, "nenda kakate rufaa."

Kwanza alikwenda kunyoa nywele, kwa sababu mtu hukata rufaa akiwa nadhifu. Kinyozi alikuwa mkimya siku hiyo. Machano alipomnong'oneza yaliyompata, kinyozi aliweka wembe chini, akafunga mlango, akatoa mfukoni barua ya aina hiyohiyo, imekunjwa mara nne. Mzee aliyekuwa akisubiri benchini akakohoa, akatoa na yake. Kufika jioni ikabainika kwamba katika wanaume mia tatu na kumi na wawili walionuswa wilayani, mia tatu na tisa walikuwa wanawake. Watatu waliosalimika ni mlevi mmoja, mpiga makaa anayeishi peke yake porini, na Makungu, ambaye hana mama wala dada na hulaza fulana yake bandani kwa mbuzi.

Wizara haikushtuka hata kidogo. Waziri alisema redioni kwamba hii ni fahari kubwa, kwani serikali zote zilizopita hazikuwahi kugundua wanawake wengi kiasi hiki kwa muda mfupi hivyo.

Ofisi ya Mkurugenzi wa Utambuzi ilikuwa ghorofa ya pili. Ngazini, ndani ya kabati la kioo lenye taa yake, ilitundikwa Fulana ya Taifa. Hii ndiyo fulana aliyoivaa Kiongozi mwenyewe siku tatu, ikawekwa kuwa kipimo cha uanaume nchini. Hakuna aliyewahi kuinusa, maana kunusa ni kutilia shaka. Machano alisimama akaitazama kama kila mgeni alivyotakiwa. Ilikuwa nyeupe sana, yenye mkunjo ulionyooka toka bega hadi pindo. Kuna kitu kilimkera kuhusu ule mkunjo, lakini hakujua ni nini.

Mkurugenzi alikuwa Dokta Sendea Fumbwe, mtu mfupi aliyevuta hewa kwa nguvu kila alipotaka kusema.

"Karibu, Bibi Machano," alisema. "Keti."

"Mheshimiwa, mimi mwanamume."

"Ndivyo unavyohisi."

"Nina ndevu, Mheshimiwa."

"Ndevu ni maoni," alisema Dokta Fumbwe kwa upole mkubwa. "Harufu ni sayansi. Wanusaji wameandika hapa: sabuni, udi, asmini. Katika Mwongozo wa Kunusa, ukurasa wa tatu, sabuni ni mke, udi ni mke, na asmini ni mke sana. Jasho ni mume. Wewe una jasho gani hapa? Hata tone!"

Machano aliyafikiria magodoro aliyoyabeba kichwani siku tatu. Alitaka kulia, akajizuia, akihofia nako kutaandikwa.

"Basi nipimwe tena," alisema.

"Utapimwa mbele ya Jopo," alisema Dokta Fumbwe, akaandika tarehe. Alichagua siku ya ishirini na saba kati ya zile thelathini.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Chama cha mafundi magodoro kilimwandikia kuwa kimemhamishia tawi la akina mama, ambalo halipo. Makungu alikuja mwenyewe barazani, kofia mkononi, mbuzi mmoja nyuma yake.

"Kaka Machano," alisema, "usinichukie. Mimi dada Kidawa namwogopa. Nimewaomba waniandike mwanamke na mimi, wamekataa."

"Hukuifua fulana yako?" Kidawa aliuliza.

"Nani wa kunifulia?" alisema Makungu, akaenda zake. Kidawa alibaki na sindano hewani, anafikiri. Alimgeukia Machano, akataka kusema jambo, chafya ikamshika, na ilipomwachia, Machano alikuwa keshaingia ndani kuficha machozi.

Siku ya Jopo, Shangazi Mwanahija alivaa buibui yake ya harusi za watu wakubwa, akaenda nao. Alikuwa ameambiwa tu kwamba serikali imekosea kuhusu Machano, na hilo halikumshangaza.

Ukumbini walikaa maofisa kumi na wawili, kila mmoja na kipande cha pamba. Mbele yao palitundikwa picha ya uso. Dokta Fumbwe alieleza kwamba picha hiyo imetengenezwa kwa kuchanganya nyuso elfu moja za wananchi, nusu wanaume na nusu wanawake, hata haijulikani ni mume au mke. Ofisa atanusa pamba iliyosuguliwa kwenye fulana ya mlalamikaji, ikatiwa mafuta ya karafuu ili pua isijue inachonusa. Kisha atasema anamwona nani pale ukutani. Harufu ikiwa ya mume, uso utaonekana wa mume. Harufu ikiwa ya mke, uso utaonekana wa mke. Ng'ambo hufanya vivyo hivyo.

Lilikuwa jambo zuri, isipokuwa dosari moja ndogo. Nyuso elfu moja zilipochanganywa, kwa bahati ambayo hakuna aliyeiomba, zilitoa uso unaofanana sana na Kiongozi.

Ofisa wa kwanza alinusa, akainua macho, jasho likamtoka. "Mwanamume," alisema.

"Mwanamume," alisema wa pili. "Tena shupavu."

"Mwanamume mwenye maono ya mbali," alisema wa tatu.

Wote kumi na wawili walisema hivyo. Machano alimshika Kidawa mkono bila kujijua. Lakini Dokta Fumbwe aliinua kidole, kwani sayansi hulinganisha. Zikaletwa pamba zenye karafuu tupu. Mwanamume, walisema wote, na mwenye huruma kwa wanyonge. Ikaletwa leso ya Shangazi Mwanahija. Mwanamume, na Mungu ampe umri.

"Picha haitenganishi," alihitimisha Dokta Fumbwe, akavuta hewa. "Inasema kila kitu ni mwanamume. Kwa hiyo haisemi kitu, na barua ya kwanza inasimama. Nani ana la kuongeza?"

Kidawa alisimama. "Mimi," alisema. "Mnasema mtu huvutwa kwa harufu. Mimi pua yangu imezibwa na sufi mwaka wa tisa huu. Sijui Machano ananukaje. Sijawahi kujua. Nampenda kwa kuwa akinyamaza najua anataka kusema nini."

Machano aliinamisha kichwa, kwani hakuwahi kuambiwa jambo zuri kuliko hilo, na aliambiwa mbele ya maofisa. Dokta Fumbwe akamwamuru karani aandike: "Shahidi hana pua. Ushahidi haupokelewi."

"Na hiyo fulana mliyonusa," Kidawa aliendelea, "ilifuliwa. Yangu niliifua mwenyewe. Ya Machano sijui, lakini namjua Shangazi."

"Haiwezekani," alisema Dokta Fumbwe. "Bahasha imeandikwa isifuliwe."

Hapo Shangazi Mwanahija alinyanyuka. Uso wake ulikuwa na mshangao wa mtu aliyetukanwa barabarani bila sababu.

"Mwanangu," alimwambia Mkurugenzi, "kwani wewe ulidhani mimi nimekuletea fulana chafu?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo sheria."

"Yenye jasho la siku tatu? Mimi? Itoke kwangu, ipite njiani, waijue majirani?" Alitazama huku na huku akitafuta mtu mwenye akili. "Nimeifua mara mbili. Nimeitia buluu. Na mama yako kama ni mtu wa heshima, yako naye kaifua."

Dokta Fumbwe akakumbuka siku aliyovaa fulana yake mwenyewe, na mama yake aliyeingia chumbani asubuhi ya nne akiwa na beseni. Maofisa kumi na wawili nao walikuwa wakikumbuka mabeseni yao. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, na kutoka pale walipokaa kabati la kioo la ngazini lilionekana lote. Mmoja baada ya mwingine wakageuza shingo. Mkunjo ulionyooka toka bega hadi pindo. Na chini, kwenye pindo, kitu kidogo cha kahawia kilichokauka ambacho miezi yote walidhani ni vumbi, na sasa kila mtu aliona kuwa ni asmini.

Ikiwa sabuni ni mke na asmini ni mke sana, basi kulikuwa na jambo ambalo ukumbi mzima ulikuwa unalijua, na ambalo mtu hawezi kulijua katika nchi ile akalala kwake.

"Kikao hakijasikia kitu," alisema Dokta Fumbwe kwa sauti nyembamba. Akawatoa nje maofisa wote, akafunga mlango, akabaki na Machano, Kidawa na Shangazi.

Alikuwa mtu mwingine sasa, hata kuvuta hewa alisahau. Serikali, alisema, haiwezi kuwa ilinusa sabuni. Fulana hazikufuliwa. Hakuna fulana iliyofuliwa nchi hii, kuanzia juu kabisa. Bahasha ya Machano ilibadilishana na ya mwanamke fulani kwa kosa la tarishi, na leo hii Machano atapewa cheti cha uanaume na kibali cha ndoa. Kinachotakiwa ni dole gumba la bibi huyu tu, kwenye maelezo yatakayochapishwa katika Gazeti la Serikali ili maneno yaishe mitaani. Akaandika mwenyewe, akayasoma:

"Mimi Mwanahija binti Kombo, wa mtaa wa Kisimani, nakiri kwamba nyumbani kwangu nguo hazifuliwi, na kwamba fulana ya Machano ilitoka mlangoni pangu ikiwa katika uchafu wake wa asili."

Machano alisimama. Hajawahi kupandisha sauti maishani mwake, na hata sasa ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Shangazi, twende nyumbani. Niache niwe mwanamke."

"Kaa," alisema Shangazi Mwanahija. "Zimebaki siku ngapi?"

"Tatu," alisema Kidawa.

Yule bibi aliitazama ile karatasi muda mrefu. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mbili, na katika yote aliyokuwa nayo, jina la usafi ndilo alilolipata kwa mikono yake.

"Huyu nilianza kumfua akiwa wa siku sita," alisema, si kwa Mkurugenzi wala kwa yeyote. "Mama yake hakuwahi hata kumwogesha." Akakunja ukaya wa buibui usiguse meza. "Lete hicho kidau cha wino."

Akatia dole gumba. Kisha akaomba maji na sabuni. Wizara nzima haikuwa na sabuni, kwa kuwa ilipigwa marufuku jengoni isivuruge vipimo. Akatembea mpaka nyumbani amekiinua kidole chenye wino mbali na nguo yake, na Machano akatembea nyuma yake na cheti mkononi, akilia waziwazi, kwa sababu sasa alikuwa mwanamume kisheria.

Gazeti la Serikali lilitoka Alhamisi, maelezo ya Shangazi Mwanahija yakiwa ukurasa wa mbele. Shangazi hakutoka nje siku hiyo. Kidawa alikwenda kumpikia, akamkuta anasugua kidole ambacho kilikwisha takata tangu juzi.

Ijumaa asubuhi, siku ya ndoa, Kidawa aliamka mapema, akafungua dirisha. Jirani wa kushoto alikuwa ameanika fulana nyeupe yenye muhuri kifuani. Wa kulia alikuwa ameanika mbili. Kutoka nyumba ya kinyozi mpaka kisimani, na kutoka kisimani mpaka barabara kuu, kila kamba na kila ua ulikuwa na fulana za Wizara, zilizorudishwa kwa wenyewe wiki ile, zimelowa, zinang'aa buluu, zinadondosha maji. Hakuna mwanamke aliyesema neno na mwenzake. Walizitandaza mitaa yote, wakaingia ndani kupika pilau.

Wizara ilipeleka ofisa haraka, mwenye daftari. Hili lilikuwa jambo ambalo Mwongozo haukulitaja. Alizunguka mpaka akachoka, akaandika kwamba wananchi wameanika fulana kuipongeza Serikali, halafu wasiwasi ukamshika. Mwisho wa mtaa alimkuta bibi mmoja mwenye kamba ndefu kuliko zote, kibanio cha nguo mdomoni, mikono imejaa povu mpaka viwikoni.

"Shikamoo, mama," alisema ofisa. "Samahani. Hizi fulana zimefuliwa?"

Shangazi Mwanahija akatoa kibanio mdomoni, akakibana kwenye bega la fulana ya bwana harusi, akaunyoosha mkunjo kwa kiganja.

"Marahaba, mwanangu. Hapana," alisema. "Sisi hapa hatufui. Kasome gazeti."